Bima ndogo ya gari huku Kusini: ziba pale hela inapovujia

Juzi njomba wangu wa Newala kanipigia saa moja asubuhi, hata salamu hazijaisha vizuri (huku kwetu mjomba na mpwa wote tunaitana njomba, wa mikoa mingine msishangae), anasema njomba kuna kijana hapa stendi anakata bima ya gari kwa elfu 70, mwaka mzima, nimpe? Nikamwambia usimpe, rudisha hiyo hela mfukoni, kunywa chai kwanza nakupigia. Nikampigia, tumeongea mpaka salio likaniishia, na ndo nikaona bora niandike kabisa maana maswali yake ndo yale yale naulizwa kila mwaka na watu wa Mikindani, Masasi, Lindi mjini, kila mtu anataka bima ya bei poa.

Nilichomwambia kwanza ndo hiki. Bima ndogo, yaani hii ya lazima, inayomlipa mtu utakayemgonga na siyo wewe, ina bei ya chini iliyowekwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Gari ndogo binafsi, IST, Vitz, Carina, Noah ya nyumbani, ni laki moja, weka na VAT asilimia 18 inakuja 118,000. Nenda kampuni unayoitaka, nenda benki, kata kwa wakala wa pale sokoni, ni hiyo hiyo. Kwa iyo kuzunguka ofisi saba ukiuliza nani ana bima ndogo ya bei ya chini ni kumaliza soli tu. Ukiigawanya kwa siku 365 inakuja kama shilingi 323 kwa siku, andazi moja na chenji kidogo. Hela inayowaumiza watu siyo hiyo 118,000, ni zile zinazovuja pembeni yake, na huko ndo pa kuziba.

Tuanze na kijana wa elfu 70. Sikatai, wapo wanaouza bei hiyo, ila jiulize anakuuzia nini hasa. Mi nimeshakutana na aina tatu. Kuna anayekupa karatasi ya kufoji, inang'aa, ina nembo, ina kila kitu, ila kwenye mfumo haipo. Kuna anayekata bima ya kweli kabisa na namba ya gari yako ndani yake, ila sehemu ya aina ya chombo kaandika pikipiki, kwa iyo kalipia kidogo na iliyobaki kala. Na kuna wa tatu ambaye ndo mjanja zaidi, bima ni ya kweli, ni ya gari, ila ni ya miezi michache tu, we unaambiwa mwaka na kwa sababu hakuna anayesoma tarehe unakuja kushtuka umesimamishwa barabarani.

Mimi mwenyewe nishaliwa, sitajificha. Enzi stika bado ni za karatasi za kubandika kwenye kioo nilinunua moja kwa jamaa mmoja kwa 80,000, nikajiona mtoto wa mjini. Siku natoka Dar narudi Mtwara, nimeshavuka Daraja la Mkapa, naitafuta Nangurukuru, trafiki kanisimamisha vizuri tu, shikamoo afande, kaangalia kioo, katoa simu, kaandika namba ya gari, kimya. Kaandika tena. Kimya. Akanigeuzia simu nione mwenyewe. Nikapigwa faini 30,000 na gari haikuondoka pale mpaka nimepata bima ya kweli ya 118,000. Piga hesabu, 80,000 na 30,000 na 118,000, ni 228,000, na yote hiyo nilikuwa natafuta kuokoa 38,000. Halafu trafiki hakuwa na kosa lolote bana, kosa langu.

Kwa iyo hatua ya kwanza kabisa, na hii haina gharama zaidi ya bando, ukiwa bado umesimama mbele ya wakala ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS kwa simu yako, weka namba ya gari au namba ya stika, usome. Usiangalie tu kwamba imetokea. Soma namba ya gari herufi kwa herufi, soma aina ya chombo, soma matumizi, soma inaanza lini inaisha lini, soma jina la kampuni. Kama haijatokea muulize wakala mbona haipo, akikwambia itasoma kesho we mwambie basi na hela nitaleta kesho. Stika za siku hizi ni za kielektroniki, bima ikikatwa inaonekana, hakuna cha kusubiri mtandao wa Dar.

Na malipo lipia kwenye namba ya kampuni au akaunti ya kampuni, siyo kwenye namba ya simu yenye jina la mtu. Najua wakala mwingine ni mtoto wa mtaani, mmesoma wote shule ya msingi, unaona aibu. Mpe hela ya soda kama unampenda, ila bima lipa kwa kampuni.

Nisisahau kwa nini hii ni ya lazima, maana wengine wanadhani ni ushuru wa trafiki. Ipo kwenye Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na lengo lake ni yule mwenye baiskeli, yule wa bodaboda, yule mtoto anayevuka kwenda shule, ukimuumiza au ukimuua awepo wa kuwalipa watu wake. Huna bima maana yake wanakudai wewe. Faini ya 30,000 unaweza kuimeza (pikipiki na bajaji wao ni 10,000, ilishushwa 2021), ila matibabu ya mtu aliyevunjika paja, au familia iliyopoteza baba, hapo ndo unaona mtu anauza shamba la mikorosho la urithi, na ukoo mzima unakaa kikao. Kwa iyo kuendesha bila bima tusiihesabu kama njia ya kubana matumizi, tuendelee.

Kitu cha pili, matumizi ya gari. Hapa ndo watu wengi sana wanalipa visivyo, na wanakosea pande zote mbili. Bima inakatwa kulingana na gari inafanya kazi gani: binafsi, ya biashara, ya abiria, ya mizigo, na ya mizigo nayo kuna kubeba mizigo yako mwenyewe na kubeba mizigo ya watu kwa kukodishwa. Bei zinatofautiana. Sasa mwenye kirikuu, yaani kale kagari kadogo ka mizigo, anayebebea bidhaa za duka lake tu kutoka mjini kupeleka Naliendele hatakiwi kulipa kama yule anayekaa kijiweni anasubiri mteja wa kuhamisha makochi. Ila wakala akiona kirikuu anakata ya kukodisha moja kwa moja, haulizi, na we huulizi. Uliza. Mwambie gari inabeba nini, ya nani, mara ngapi, mwambie akutajie bei ya kila kundi kabla hajaandika.

Wenye gari za abiria nao, idadi ya viti. Hiace yako ina viti vingapi kwenye leseni ya LATRA, wale wa usafiri wa ardhini, na kwenye bima kaandika vingapi? Abiria wanahesabiwa kwa kiti, kiti hewa unakilipia, na kiti ambacho hukukiandika siku ya ajali kitakuletea kesi.

Upande wa pili ni yule anayekata binafsi halafu jioni anafanya teksi bubu kutoka stendi kwenda Shangani, au msimu wa korosho anabandua viti vya nyuma vya Noah anapakia magunia. Najua kwa nini unafanya, bei ya binafsi ni rahisi. Lakini ikitokea ajali umebeba abiria wa kulipia, kampuni inakuja inasoma matumizi, inaona binafsi, halafu inaanza maswali, na hata kama huyo majeruhi akilipwa, kampuni inaweza kukugeukia wewe ikudai ilicholipa kwa sababu ulidanganya. Ile tofauti uliyookoa inakuwa ndo hela ghali kuliko zote umewahi kuishika. Kama unafanya teksi wiki mbili tu za sikukuu, nenda uulize wabadilishe matumizi kwa muda huo, siyo kila mara wanagoma.

Sasa tarehe, na hapa niongee na watu wa korosho hasa. Njomba wangu bima yake inaisha mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu huku kwetu kila mtu anajua hali, masika, barabara tope, hela za korosho zilishaisha, ada za shule zimeshakunywa kilichobaki. Kwa iyo kila mwaka mwezi wa tatu anakata ya miezi mitatu, ikiisha anakata tena, anasukuma sukuma hivyo mpaka mnada wa Oktoba au Novemba. Shida ni kwamba bima ya muda mfupi haigawanywi sawasawa, miezi mitatu siyo robo ya bei ya mwaka, inakuwa zaidi, ukikata mara nne umeshalipa zaidi ya mwaka mzima na kila mara unapanda bodaboda kwenda kwa wakala. Na katikati ya moja na nyingine kuna zile siku tatu nne za mapengo ambazo gari inatembea bila kitu.

Dawa yake nilimpa rahisi tu. Msimu huu hela ya chama cha msingi ikishaingia, ile bima fupi ya mwisho ikifika mwisho wake hapo Novemba, kata ya mwaka siku hiyo hiyo. Basi. Kuanzia hapo kila mwaka itakuwa inaisha Novemba, wakati mfuko una kitu. Ambaye siyo mkulima, ana mshahara au anategemea samaki au bodaboda, weka elfu 10 kila mwezi kwenye kibubu cha simu, miezi 12 ni 120,000, bima imetoka na buku mbili ya soda. Najua inasikika kama ushauri wa mwalimu wa kwaya, ila mi nimefanya hivyo miaka minne sasa, sijawahi kukopa tena kwa ajili ya bima.

Na unapokata mapema, mfano inaisha tarehe 20 we una hela tarehe 10, mwambie wakala waziwazi bima mpya ianze tarehe 21. Asipoambiwa anaandika leo, halafu siku kumi za bima ya zamani ulizokwisha zilipia zinakufa bure. Siku kumi ni kama 3,200, ndogo, ila ni yako.

Haya, wakala na vijihela vyake. Kuna hela ya mfumo, hela ya kuprinti, hela ya huduma, elfu mbili hapa elfu tano pale. Wakala analipwa kamisheni na kampuni, imo ndani ya ile ile bei unayolipa, kwa iyo hizo nyingine ni za kwake yeye. Karatasi ukitaka iliyoprintiwa kaprinti stesheneri. Kuna pia vinavyobandikwa humo humo ndani, bima ya ajali ya dereva, huduma ya kuvutwa gari ikiharibika, siyo vibaya hivyo vitu, vingine vina maana kabisa maana bima ndogo haikulipi wewe dereva hata senti ukiumia, ila viwe vimeombwa na wewe. Ukiona jumla imezidi 118,000 kwa gari binafsi ya bima ndogo omba mchanganuo, mstari kwa mstari, na uone sura ya wakala inavyobadilika.

Wanaolalamika kwamba gari ina kodi nyingi nawakumbusha tu kwamba zamani juu ya bima kulikuwa na ile leseni ya barabara ya kila mwaka, ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Kwa iyo mtu akikuuzia stika ya leseni ya barabara leo, huyo naye mpeleke kwa yule wa elfu 70 wakae pamoja.

Bima kubwa sasa, ile inayolipa na gari yako mwenyewe. Siyo ya lazima, ila hapa ndo kuna nafasi ya kweli ya kubana, kwa sababu bei inategemea thamani ya gari na unayosema wewe. Nikate kubwa au ndogo? Mi naangalia hivi: gari hii ikiungua leo usiku, je naweza kununua nyingine ndani ya miezi sita bila kuuza kitu cha maana? Kama naweza, bima ndogo inatosha. Carina ya zamani ya milioni nne au tano, mi nisingeikatia kubwa, ile hela ningeiweka pembeni. Gari ya milioni 10 kwenda juu, na ndo inayokulisha, hapo usicheze. Katikati kuna ile ya bima ndogo pamoja na moto na wizi, watu hawaiulizii kabisa, ni nafuu kuliko kubwa, ingawa kwa wizi wa magari huku kwetu sijausikia sana kama Dar, kwa iyo mwenye gari inayolala ndani ya geti afikirie mwenyewe.

Twende kwenye hesabu. Tuchukue asilimia 3.5 ya thamani, ambayo ndo wengi wameizoea kwa gari binafsi. IST yako sokoni ni milioni 12. Asilimia 3.5 ni 420,000, VAT 75,600, jumla 495,600. Sasa kwa kujisikia unasema ni milioni 15, kwa sababu ndo uliyonunulia miaka mitatu iliyopita. Inakuja 525,000 na VAT 94,500, jumla 619,500. Tofauti 123,900, yaani umetupa bima ndogo nzima na chenji juu. Na siku gari ikiisha kabisa hawakulipi milioni 15, wanaangalia bei ya sokoni siku ya ajali. Kwa iyo kila mwaka kabla ya kukata angalia gari kama yako inauzwaje sasa, shusha thamani kwenye karatasi. Watu wengi wanaacha ile ile ya mwaka wa kwanza inajirudia tu, miaka mitano.

Ila usiishushe kupita kiasi, maana hapo kuna mtego wa pili. Gari ya milioni 12 ukiiandika milioni 8 ili ulipe kidogo, umejikatia theluthi mbili ya gari. Ukija na matengenezo ya milioni 3 kampuni inaweza kukulipa kwa uwiano huo huo, milioni 2, moja unatoa wewe. Sema ukweli, ukweli ndo bei nafuu hapa.

Halafu kuna eksesi, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa kitu. Ukikubali eksesi kubwa zaidi kampuni nyingine zinakupunguzia kwenye bei. Inafaa kama we ni mtu wa kuendesha taratibu na una akiba kidogo, haifai kama gari anaiendesha kijana na kila wiki kuna mkwaruzo mpya. Uliza pia punguzo la kutodai, ukikaa mwaka bila kudai chochote kampuni nyingi zinapunguza mwaka unaofuata, na ukihama kampuni usiondoke mikono mitupu, omba barua inayoonyesha hujadai, kampuni mpya ikuhesabie. Ndo maana taa ya nyuma ikipasuka kwa elfu 60 we tengeneza tu kimya kimya, usiende kudai, unaweza kupoteza punguzo lenye thamani kuliko taa, na eksesi yenyewe ingeila hiyo elfu 60 yote.

Bei kubwa za bima kubwa zinajadilika, kidogo. Mwenye gari tatu nne, mwenye ofisi, zipeleke zote kwa pamoja, usikate moja moja miezi tofauti. Omba bei kwa maandishi kutoka sehemu tatu, na uangalie siyo jumla tu bali na kilichomo. Kwa barabara zetu mi naangalia vitu viwili. Kioo: kuanzia Masasi kuja Mtwara yale malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, ukiyafuata nyuma kokoto moja tu kioo kimeondoka, kwa iyo uliza kioo kinalipwa mpaka shilingi ngapi na kama eksesi inahusika. Na maji: mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Siyo kila bima kubwa inabeba mafuriko bila kuambiwa, wengine wanataka uongeze. Afadhali kuongeza hela kidogo hapo kuliko kulipia redio ya gari.

Mwenye gari ya mkopo, benki itataka bima kubwa, hiyo huna ujanja, ila uliza kama lazima ukate kwao au unaweza kuleta ya kwako yenye kiwango kile kile. Mara nyingine kuuliza tu kunashusha bei yao.

Wanaovuka kwenda Msumbiji pale Mtambaswala, bima yako ya Bongo inaishia mtoni, ng'ambo unahitaji ya kule. Usilipie kadi yoyote ya bima ya kuvuka mpaka hapa nyumbani kabla hujauliza kama huko unakoenda inakubalika.

Ikitokea ajali usikubali makosa kwa maandishi pale barabarani wala kuahidi utalipa, piga picha, ita polisi, toa taarifa kwa kampuni haraka, maana kuchelewa kutoa taarifa ndo kisingizio namba moja cha kukataa kulipa. Wakikuzungusha, TIRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mtwara, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huduma yake haina malipo, huna haja ya kuanza na wakili.

Mbili za mwisho zinazosahaulika sana. Gari iliyo juu ya mawe, injini imeshushwa, miezi miwili sasa unasubiri spea kutoka Dar, haihitaji bima mpya kwa sababu haitembei barabarani. Ikiisha iache, ukate siku inaposhuka kwenye mawe, ila kabla ya fundi hajaitoa kujaribia. Nasema hivi kwa sababu fundi wangu aliwahi kuitoa "mpaka kona tu" na kona yenyewe ikawa Mikindani.

Na ukiuza gari, usiikabidhi na bima yako ikatembea hivyo hivyo. Iandikie kampuni, uliza kama wanaweza kuihamishia kwenye gari utakayonunua au kukurudishia miezi iliyobaki, kwa bima kubwa inaweza kuwa hela ya maana, na uhakikishe umiliki umehama TRA, kwa sababu gari ikiwa bado kwa jina lako ikigonga mtu Tandahimba, wa kwanza kupigiwa simu ni wewe. Njomba yangu ndo kagundua hapo kwamba ile Noah aliyonunua mwaka juzi mpaka leo ina jina la mzee mmoja wa Nachingwea. Kesho tunampigia huyo mzee.